Vidato Thelathini na Nane

Kliniki ile iko ghorofa ya pili, katikati ya mji, na kutoka mlango wa daktari hadi chini barabarani kuna vidato thelathini na nane. Nimevihesabu mara mbili. Mara ya kwanza ni siku niliyoambiwa nina kansa ya utumbo mpana. Nilivishuka polepole sana, na si kwa sababu ya maumivu. Nilikuwa nangoja kuitwa.

Nieleze, maana huenda wewe unayesoma hukukulia sokoni. Mimi naitwa Ndinda. Nauza mapazia ya mitumba kwenye kibanda ndani ya jengo moja upande wa chini wa mji, na nyumbani ni Kabiria. Biashara yetu ina adabu zake. Bei ya kwanza si bei, ni salamu. Ukitajiwa unakunja uso, unachukua mkoba, unaondoka, lakini kwa mwendo wa mtu ambaye bado anasikia. Hatua ya sita au ya saba utasikia, "Madam, si urudi tuongee!" Hapo usirudi. Ukirudi kwa kuitwa mara moja, umejiuza. Unangoja mara ya tatu, ndipo unageuka kama mtu aliyesahau kitu. Na anayeita ndiye aliyeshindwa. Miaka kumi na tisa nimeuza, sijawahi kumwita mteja arudi. Hujirudisha wenyewe.

Hiyo ndiyo akili niliyoenda nayo kwa daktari.

Damu chooni niliiona mara ya kwanza wiki ya Krismasi. Nikasema ni nyama choma. Januari nikasema ni bawasiri, nikanunua dawa ya kupaka, mrija mmoja, wa pili, wa nne. Mwenye duka la dawa hakuniuliza lolote, nami sikutaka kuulizwa. Choo kikawa chembamba kama penseli. Nikipanda ngazi za jengo letu nilipumzika mara mbili mahali ambapo sikuwahi kupumzika hata mara moja. Machi nikaenda kutazamwa na kamera, ile inayopitia njia usiyoitaja mbele ya wakwe, nikapigwa pia picha za mashine kubwa. Aprili, mvua ikinyesha tangu alfajiri, nikaenda kuchukua majibu. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti kumi na saba na watu kumi na wanane. Nilihesabu tena: kumi na wanane. Aliyesimama nilikuwa mimi.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa miwani, kucha fupi, sauti ya mtu ambaye hajawahi kumpigia mtu kelele.

"Mama, ile nyama tuliyotoa ni kansa," alisema. "Iko kwa utumbo mpana, upande wa kushoto. Lakini picha ya ini na ya mapafu ni safi. Tukupasue wiki ijayo."

Sasa najua alisema mambo manne. Mimi nilisikia moja.

"Hiyo ndiyo ya mwisho?" nikamwuliza.

"Ya mwisho aje?"

"Yaani, hakuna vile inaweza shuka kidogo?"

Akavua miwani. "Mama, kuna mtu umekuja na yeye leo?"

Nikakunja uso. Nikachukua mkoba. Nikaondoka.

Watu huniuliza nilifikiri nini. Sikufikiri kitu. Nilikuwa nadhani mshtuko ni kupiga nduru na kuanguka, kama tunavyoona matangani. Wangu haukupiga nduru. Ulivaa viatu vyangu, ukatumia mdomo wangu, ukafanya kile ambacho mwili wangu hufanya kila siku ukitajiwa kitu kisichowezekana. Nilishuka nikihesabu. Kumi. Ishirini. Kwenye kidato cha ishirini na mbili nilisimama nikajifanya natafuta kitu ndani ya mkoba. Hakuna aliyeita. Chini mlangoni kulikuwa na mwanamume anauza miavuli, nikachukua mmoja, nikamteremsha bei mpaka akaapa hataniuzia tena. Nina kansa, na mwavuli nimepunguziwa.

Baada ya siku mbili muuguzi wa kliniki alinipigia simu. "Daktari anauliza utakuja lini." Nikasema nitaangalia. Moyoni nikasema: moja. Wiki iliyofuata akapiga tena, sauti yake ina haraka zaidi. Nikasema mbili, na Mungu anisamehe, nilitabasamu. Bei ilikuwa inashuka.

Ya tatu niliingoja mpaka Septemba.

Sikumwambia mtu, hata Kyalo mume wangu, ambaye ni karani wa serikali na hupenda kila jambo liwe na barua yake. Nilikunywa dawa ya mitishamba kutoka kwa mtu mmoja Kawangware, chungu hata chupa yenyewe ilionekana kusikitika. Julai ikaja na baridi yake na mawingu yasiyoisha, nami nikazidi kukonda. Unajua mji huu. Wateja walinisifu.

"Mama, umeisha vizuri! Unatumia nini?"

"Maji moto na limau," nikawajibu. Mmoja alirudi kuniambia limau kwake haifanyi kazi.

Siku ya siku ilikuwa Alhamisi moja ya Septemba. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, siku tatu hakuna kilichotoka, hata hewa. Nilikuwa nampimia mteja pazia la sebuleni, mita mbili na nusu, nikapima mara mbili kama kawaida yangu, na mara ya pili nikatapika ndani ya ndoo ya jirani yangu wa viatu. Jirani akampigia Kyalo. Kwenye chumba cha dharura cha hospitali walimpa Kyalo faili langu lililoletwa kutoka kliniki. Yeye husoma karatasi kuanzia juu, tarehe kwanza. Nilimwona akifika kwenye tarehe.

"Aprili," alisema. Kisha nikaingizwa ndani kupasuliwa.

Nilipoamka nilihesabu nilichoweza kuona. Pazia la kitanda changu lilikuwa limekosa kulabu tatu na lilishonwa na mtu aliyekuwa na hasira. Tumboni nilikuwa na pini za chuma ishirini na saba. Muuguzi akasema ni ishirini na nane. Tukahesabu pamoja, na kweli moja ilikuwa imejificha kwenye mkunjo wa kitovu. Na upande wa kushoto, juu kidogo ya mahali nilipokuwa nafungia mshipi wa sketi, palikuwa na mfuko. Ndani ya mfuko, kupitia plastiki, niliona kitu chekundu, kibichi, kinachong'aa kama mdomo wa ndani. Ulikuwa utumbo wangu, umetokeza nje.

"Ni wa muda," muuguzi akasema.

"Muda gani?"

"Muda tu, mama."

Daktari wa miwani alikuja jioni hiyo. Sikuweza kumtazama. Akavuta kiti.

"Kidonda cha utumbo tumekitoa. Lakini tulipopiga picha, ini lina madoa mawili."

"Aprili yalikuwa mangapi?"

Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kuniambia bila kunipiga. Hakuipata. "Aprili ini lilikuwa safi, mama."

Nimeona robota la mitumba likifunguliwa likatoa matambara matupu. Nimeibiwa simu mchana peupe na mtu aliyekuwa ananisalimia. Sijawahi kushtuka vile. Muda wote ule niliokuwa nangoja bei ishuke, ilikuwa inapanda, ndani yangu, na mimi ndiye niliyeipa nafasi ya kukaa.

Nyumbani Kabiria, Kyalo hakuzungumza wiki nzima. Alifanya kila kitu, lakini kimya. Mfuko ule huwekwa kwenye bamba linalonata, na bamba lazima likatwe tundu linalolingana sawasawa na ule mdomo mwekundu, la sivyo ngozi huungua. Kyalo akaleta rula yake ya ofisini na penseli. Akanipima kama anapima mpaka wa shamba, akachora duara, akakata kwa makasi ya kucha. Lilikaa barabara. Hata muuguzi hakuwahi kulikata vile.

Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Miezi mitano, Ndinda. Ulikuwa unasikizana bei na nani?"

"Sijui."

"Ungeniambia, mimi ningekuita."

Akakusanya vipande vya plastiki akaenda kutupa. Nilikaa pale kitandani nimefunua tumbo, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Kemo ilianza Oktoba, mijakaranda ikiwa imemwaga maua yake kando ya barabara. Zilipangwa kumi na mbili, moja kila wiki mbili: sita, kisha ini likatwe, kisha sita nyingine. Chumba kilikuwa na viti tisa vya kuegemea. Dawa ile ina vituko. Ukigusa kitu baridi, vidole vinapigwa kama umeshika waya wa stima. Kufuli ya kibanda, kijiko, maji ya mfereji, vyote viligeuka kuwa adui. Nilifungua friji nikiwa nimevaa glavu za sufi. Siku moja nilisahau nikanywa maji ya chupa, koo likafunga, nikadhani nimekufa kwa maji. Ikiwa unaanza dawa hiyo, beba chupa ya maji ya vuguvugu na usione haya kuvaa soksi mbili. Na usiulize meno yako maswali.

Kiti cha kando yangu, karibu na dirisha, kilikuwa cha Mzee Njoroge. Ana, au alikuwa na, vyumba vya kupangisha palepale Kabiria, mitaa miwili kutoka kwangu, na hatukuwa tumewahi kujuana. Alivaa kofia ya sufi ya kijani hata jua likiwaka. Aliniita Mama wa Mapazia.

Nilimwambia nina magonjwa mawili, kansa ya utumbo na kansa ya ini. Akacheka mpaka mashine yake ikalia.

"Sikiza. Niko na mpangaji rumu nambari tatu, msumbufu kabisa. Redio juu, maji anamwaga kwa mlango. Akihama aende ploti ya jirani, atageuka mtu mwingine?"

"Hapana."

"Ataenda na redio yake na tabia yake. Sasa huyo wa ini yako ni yule wa rumu nambari tatu. Amehama tu. Ndio unaona wanampiga na dawa ile ile ya utumbo. Kama angekuwa amezaliwa kwa ini, wangemtafutia dawa ingine."

Daktari alikuwa amenieleza jambo hilohilo mara tatu, kwa michoro. Nililielewa siku hiyo, kutoka kwa mwenye nyumba. Halafu, dawa ikidondoka mirijani, wazo likanijia ambalo lilinifanya nikae wima.

Baba yangu alikufa kwa ini.

Hivyo ndivyo tulivyojua sote, kule kwetu Mwala. Miaka ishirini na miwili iliyopita alikonda, macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa, akafa. Na kwetu mtu akifa kwa ini, sababu ni moja. Mhubiri alisimama kando ya jeneza akatuonya vijana juu ya chupa. Baba alikuwa mtu wa kikombe kimoja cha kaluvu, pombe yetu ya kienyeji, kwenye harusi, lakini nani angebishana na jeneza? Kaka yangu Mutua, mkubwa wangu, aliapa kaburini kwamba pombe haitagusa midomo yake. Leo ni mzee wa kanisa, ana nyumba nzuri Mountain View, na hajawahi kuvunja kiapo. Mama yetu naye, aliposikia kwenye simu kwamba ugonjwa umefika kwenye ini, kitu cha kwanza aliniuliza ni hiki: "Ini? Ndinda, ulianza lini kunywa?"

Alikuja kunitunza mwezi wa Novemba, na mvua za vuli, na kuku wawili walio hai. Nikamchukua siku ya kumwona daktari. Daktari akauliza kuhusu baba, nami nikawa mkalimani, kwa maana mwaitu, yaani mama yetu, hupendelea kuongea Kikamba akiwa na hofu.

"Mwulize kama baba alikuwa anaona damu chooni."

Nikamwuliza. Mama aliangalia mikono yake.

"Nilizifua mimi," akasema.

"Ulifua nini?"

"Suruali zake. Nilienda mtoni peke yangu, mbali na wanawake wengine. Alinikataza nisimwambie mtu. Miaka miwili, kabla ini halijafura. Mhubiri akasema ni chupa. Nami nikanyamaza, Ndinda. Nilidhani chupa ni aibu ndogo kuliko damu."

Nilimtafsiria daktari, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Miaka ishirini na miwili tumemzika baba yangu kila mwaka kama mlevi.

"Siwezi kumpima aliyezikwa," daktari akasema polepole, "kwa hivyo siwezi kusema ilikuwa nini. Lakini walio hai naweza. Hii kitu inaweza kutembea kwa familia. Uko na ndugu wangapi?"

"Mmoja."

"Hakikisha."

"Nimehesabu mara mbili, daktari. Ni mmoja."

Mutua alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Tulienda kwake Jumapili baada ya ibada. Mkewe alitupakulia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na kitoweo, na mfuko wangu ukachagua wakati wa sala ya chakula kutoa sauti yake. Mutua akaendelea kuomba, juu zaidi. Baada ya amina nikamwambia.

"Mimi?" akasema. "Ini ni ya walevi, Ndinda. Mimi hata meza ya Bwana natumia juisi."

"Hakuna mtu ameongea juu ya ini. Ni utumbo. Na mimi nimekunywa nini?"

"Wewe uko huko mjini kwa vibanda. Nani anajua."

Kyalo aliweka kijiko chini. Mimi nikaweka mkono juu ya mkono wake. "Mutua, unaogopa kamera."

"Siogopi. Lakini mzee wa kanisa, kuinamishwa na watoto wadogo..."

"Mimi ni mama mzee na nimeinamishwa. Nilibaki mzima. Tatizo si kuinama. Tatizo ni ile miezi mitano."

Akafuta mdomo. "Nipatie mpaka Pasaka. Nifunge, niombe, halafu tuone."

Niliijua sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya mtu anayechukua mkoba.

Januari, vumbi na jua kali, walinikata kipande cha ini. Dawa ilikuwa imeyapunguza madoa mawili, na daktari wa upasuaji akasema ameyatoa yote pamoja na ukingo wake. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuamini mpaka nilipomwuliza mtu wa pili: ini likikatwa, humea tena. Haliwi na umbo lilelile, lakini hujaza nafasi. Nilimwuliza kama utumbo nao hufanya hivyo. Akasema hapana, usizoee.

Niliporudi kwenye kemo Februari, viti vilikuwa tisa, na kwenye kile cha dirishani ameketi mama mmoja anasuka kikapu. Nilihesabu tena. Tisa. Sikuuliza. Muuguzi alikuja kunichoma sindano, akaona ninakoangalia, akanishika bega badala ya mkono. Mzee Njoroge hakuwa amewahi kushuka ngazi za mtu. Alienda siku aliyoambiwa, akapigana, na ugonjwa ukamshinda. Nasema hivi ili usidhani nakuuzia uongo. Kuwahi si hati ya kupona. Lakini kuchelewa najua ni nini.

Pasaka ikapita. Mutua akasema mpaka shule zifunguliwe. Hapo mama akafunga kitambaa kichwani, akaenda Mountain View na begi lake, akaketi kwenye kochi la mwanawe.

"Nimekuja kukaa mpaka uende," akamwambia. "Baba yako nilimnyamazia. Wewe sikunyamazii."

Alikaa siku kumi na moja. Mke wa Mutua ndiye aliyepiga simu kuomba nafasi kliniki.

Siku inayotangulia kamera, mtu hunywa dumu la dawa ya kusafisha tumbo. Mutua alinipigia akiwa chooni, saa nane mchana.

"Ndinda, huku sasa zinatoka dhambi za kabla nibatizwe."

"Endelea, mzee wa kanisa. Ukifika za shule ya msingi uniambie."

Akacheka, nami nikajua ana hofu sana, maana Mutua huwa hanichekei.

Asubuhi tulikuwa kliniki. Viti kumi na saba. Kyalo yuko kazini, mama amebaki Mountain View akiomba. Nilikuwa na kemo ya kumi mwilini, vidole havina hisia, mfuko bado uko kiunoni. Mutua alivaa suti, kana kwamba kamera ingemwona koti. Muuguzi akatoka na karatasi. "Bwana Mutua?"

Akasimama. Akakunja uso. Akachukua Biblia na kofia yake, na badala ya kwenda kwa muuguzi akageuka upande wa ngazi.

"Nimesahau kitu kwa gari," akasema.

Alikuwa hana gari siku hiyo. Tulikuja na teksi, kwa sababu ya dawa ya usingizi ambayo angechomwa kabla ya kamera.

Nilisikia viatu vyake. Alikuwa anashuka polepole. Kumi na moja, kumi na mbili. Watu wote waliniangalia, halafu wakaangalia simu zao. Na mimi, ambaye sijawahi kumwita mteja, niliinuka, nikashika chuma cha ngazi. Kilikuwa baridi, kikanipiga mpaka kiwiko. Sikukiachilia. Nikaita kwa sauti ile ya jengo la vibanda, inayovuka orofa tatu na redio sita.

"Mutuaaa! Rudi!"

Viatu vikasimama.

"Rudi! Bei ni hiyo hiyo, haishuki! Nimeingoja mimi, haishuki! Rudi, kaka, nakuomba!"

Nikamwita mara ya pili. Na kabla hajapata nafasi ya kungoja, nikamwita ya tatu, nisije nikamfanyia hesabu yangu. Nilikuwa nalia, pua inatoka, mfuko unaunguruma, na mtu mmoja pale kwenye viti akasema, "Mzee, si urudi tu, unasumbua mama."

Alikuwa amefika kidato cha ishirini na mbili. Nilimwona kutoka juu, amesimama palepale, mkono ndani ya koti, anajifanya anatafuta kitu.

Akapanda. Alipofika juu hakunitazama. Alinipa Biblia na kofia nimshikie, akaingia ndani.

Walitoa vinyama vitatu. Viwili vidogo kama punje za mtama, kimoja kikubwa kama harage. Majibu ya kile kikubwa tuliyafuata wiki iliyofuata, tukiwa wawili. Daktari alisema hakijawa kansa. Alitafuta neno, akasema, "Kilikuwa njiani."

Mutua akaketi na neno hilo. Mtu ambaye hajaonja hata tone.

"Kimetoka chote?"

"Chote. Utarudi tukuangalie tena."

Tuliposhuka ngazi alinishika mkono, kwa ajili yangu au kwa ajili yake, sijui. Katikati akasimama.

"Na baba?" akauliza. "Unafikiri naye kilikuwa njiani, mahali fulani, kabla hajaanza kukonda?"

"Hatutajua."

"Kwa nini hakuenda mapema?"

Nilifikiria mto kule Mwala na suruali zinazofuliwa mbali na wengine. "Hakuna aliyemwita," nikasema.

Jumapili hiyo Mutua alisimama kanisani kwake, mbele ya watu waliomheshimu kwa kutokunywa, akataja damu, akataja choo, akataja kamera na njia inakopita. Akasema kwa miaka ishirini na miwili amemshuhudia baba yake uongo. Wazee wawili walikohoa. Baada ya ibada, wanaume watano walimfuata nje kumwuliza kliniki iko wapi. Aliniambia ni watano. Nikamwambia ahesabu tena.

Mfuko wangu ulifungwa Julai iliyofuata, kwenye baridi ileile. Kila miezi mitatu napigwa picha, na mpaka leo ninapoandika ini langu lililomea ni safi. Sijaacha kushtuka. Nikiwa napima pazia huwa nasimama ghafla, mkono hewani, nikikumbuka Aprili ini lilikuwa safi. Hilo halitibiwi.

Lakini wewe, ikiwa umetoka kwa daktari sasa hivi, na umechukua mkoba, na uko mahali fulani kwenye ngazi zako unashuka polepole ukisikiliza, basi sikiliza. Mimi ndiye ninayeita. Rudi. Nakuita mara ya pili: rudi. Na hii ndiyo ya tatu.